Ikhwani Safaa: Miaka 120 ya Klabu na Fidla Zake

Klabu ya muziki ya Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905. Mwaka huo huku bara vita vya Majimaji vilikuwa vinalipuka kusini, na Mwanza yetu ilikuwa kituo cha Wajerumani kando ya ziwa, haina reli, ikitegemea meli za kutoka Kisumu, ambako reli ya Waingereza ilikuwa imefika mwaka 1901. Wapenzi wa mpira hapa Kirumba hubishana kutwa kati ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936. Ubishi huo ni wa watoto. Yanga inazaliwa, Ikhwani Safaa ilikuwa na miaka 30, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 120. Katika muda huo Zanzibar imepita chini ya masultani, Waingereza, mapinduzi na muungano, na klabu imepita nayo kote huko, fidla begani.

Ninawasimulia habari zake watu wa Kanda ya Ziwa kwa sababu moja. Kila linapozuka wazo la kuwa na okestra ya wananchi, iwe ya kanisa, ya shule au ya mtaa, maneno huanzia kwenye vyombo na mfadhili. Nani atanunua fidla? Nani atamlipa mwalimu? Nani atadhamini tamasha la kufunga msimu, na mgeni gani maarufu ataletwa ili watu wajae? Waunguja wa 1905 walianzia kwingine, na nadhani ndiyo sababu klabu yao ipo mpaka leo.

Kabla yao muziki wa namna ile, taarab, ulikuwa wa ikulu. Simulizi inayorudiwa Unguja ni kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wamburudishe, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim, kijana wa Unguja, aende Cairo kujifunza ganuni. Barghash ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini. Mtu wa kiasi hicho asingeshindwa kuwa na wanamuziki wake. Masultani wa Unguja walikuwa pia na bendi ya matarumbeta ya Wagoa, iliyopiga hadharani watu wakipunga upepo. Lakini muziki wa ikulu una mlipaji mmoja. Akifa, akifilisika au akichoka kuusikiliza, wapigaji hutawanyika.

Vijana wa Mji Mkongwe waliokuwa wakikutana jioni kujifunza vyombo waliutoa muziki huo kwa mfalme wakauweka kwa wanachama. Hilo ndilo jambo kubwa la 1905, kubwa kuliko wimbo wowote uliotungwa baadaye. Jina walilochagua lilikuwa limekwisha kutumiwa na kundi la wanazuoni wa Basra katika karne ya 10, waliosoma hesabu, nyota, falsafa na muziki kwa pamoja na kuandika nyaraka zao bila kutaja majina yao. Lilikuwa chaguo zuri: muziki kama elimu, na sifa kwa kundi zima badala ya mtu mmoja.

Miaka ya mwanzo klabu ilipiga nyimbo za Kiarabu kwa vyombo vya Kiarabu: udi, ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70 inayolazwa mapajani, nai, tari, na fidla. Fidla ni chombo cha Ulaya, lakini haikuja Unguja kutoka Ulaya moja kwa moja. Ilikuwa imekwisha kupita Misri, ambako ilikuwa imechukua nafasi ya ala za uzi za zamani na kufundishwa lahaja mpya. Haina vituo shingoni kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kushuka mahali popote, hata katikati ya noti mbili za piano, na hapo ndipo makamu za Kiarabu, yaani ngazi zake za sauti, zinapokaa. Piano haiwezi. Mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu wa nchi za Kiarabu na Ulaya walikutana Cairo katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wakabishana sana juu ya vyombo vya kigeni. Piano ililetewa pingamizi nzito. Fidla ilionekana mwenyeji, na mmoja wa waliohudhuria alikuwa Sami al-Shawwa, aliyeitwa na watu wa Misri mkuu wa wapiga fidla.

Kwa ufupi, chombo hiki kilifika Unguja kimekwisha kuwa cha Mashariki. Ndiyo maana Mswahili hajawahi kukiona kigeni. Ukivuka kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo, ulikuta kidumbaki, taarab ya watu wa kawaida, ambamo fidla moja tu hubeba wimbo wote huku nyuma yake kukiwa na vigoma viwili vidogo, sanduku la chai lililofungwa kamba na kugeuzwa besi, cherewa, na mikwasa ya kugongwa. Huko mpiga fidla ndiye mfalme. Anaanza wimbo, anaubadili akitaka, anauunganisha na mwingine bila kupumzika, na wachezaji wanamfuata yeye. Fidla ya klabuni ina adabu. Ya kidumbaki ina jasho. Wapigaji wengi wazuri wa Unguja wamepitia kote kuwili, na anayejua kusikiliza hutambua mkono wa kidumbaki hata ukivaa suti na kuketi kwenye safu.

Kisha kukatokea Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, shamba, mwishoni mwa karne ya 19, akaingia mjini kuuza vyungu, akaishia kuimba mbele ya masultani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na zikauzwa pwani yote. Mwaka huohuo wa 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Ninayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi, maana kuanzia hapo mwambao na ziwa viliungana kwa chuma, na santuri, kama chumvi na kanga, ilikuwa bidhaa ya kupakiwa kwenye behewa. Siti hakuwa mtu wa Ikhwani Safaa. Klabu ilikuwa ya wanaume, wa Mji Mkongwe, waliopenda Kiarabu. Yeye alikuwa mwanamke wa asili ya utumwa aliyeimba lugha ya sokoni na kusema habari za mahakamani na za mitaani. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Wasomaji wengi wa rika langu walimjua Siti kwa kitabu hicho kabla ya kusikia sauti yake.

Klabu ilichelewa kumfuata. Kwa muda mrefu iliendelea kutazama Cairo. Hilo lina faida na hasara zake, nami simlaumu mtu, kwa kuwa Cairo ya wakati huo ilikuwa inavuta kweli. Kuanzia miaka ya 1930 redio ya Misri ilirusha tamasha za Umm Kulthum, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, msimu mzima hadi joto la kiangazi linapoingia na msimu kufungwa. Kundi dogo la zamani la watu watano au sita lilikuwa limekua likawa okestra yenye safu ya fidla, selo na besi kubwa ya kusimama. Nyuma ya mwimbaji alikuwepo Ahmed al-Hefnawi, fidla yake ikijibu kila mstari. Waunguja waliyasikia hayo kwenye redio, santuri na sinema, na okestra zao nazo zikapanuka: fidla zikaongezeka, selo na besi zikaingia, akodioni ikapata kiti chake. Sura ya taarab asilia tunayoijua, na safu ya wanaume waliokaa wima wakivuta pinde kwa pamoja, ilitokana na kipindi hicho.

Lakini maneno yaligeuka yakawa ya Kiswahili, na hapo ndipo muziki ulipoacha kuwa wa Misri. Ushairi wa Kiswahili una sheria zake, na fidla ililazimika kuzitii. Nyimbo nyingi za taarab ni beti za mistari mitatu, kila mstari mizani 16, imekatwa katikati, nane kwa nane. Mwimbaji akifika kwenye kituo hupumua, na pumzi hiyo ni mali ya fidla. Zinaingia zote kwa sauti moja, zinarudia alichosema au zinakijibu, zinamwachia tena. Hakuna anayepiga sauti ya pili. Watu kumi wanapiga wimbo uleule, ila kila mkono una katelezo kake na kapambo kake, na tofauti hizo ndogondogo ndizo zinazoifanya sauti iwe nene. Mpigaji aliyefundishwa Ulaya, ambako kila mmoja katika safu hutakiwa kuvuta upinde upande uleule kwa wakati uleule, husikia fujo mwanzoni.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliikuta klabu ikiwa imefungamana na mji uliopinduliwa. Sultani Jamshid alikimbia. Watu wengi wa Mji Mkongwe waliondoka katika miaka iliyofuata, wengine kwenda Dar es Salaam, wengine Oman na Dubai, na miongoni mwao walikuwemo wapigaji, washairi na wasikilizaji. Vikundi vya muziki vikawekwa chini ya macho ya chama na serikali. Ikhwani Safaa ikaja kuitwa na watu Malindi tu, kwa jina la mtaa. Wanawake wakaingia kwenye jukwaa la okestra kubwa kama waimbaji, jambo ambalo lingemshangaza mwanachama wa 1905, na leo hakuna anayeweza kuifikiria taarab ya Unguja bila wao. Sauti ya Rukia Ramadhani peke yake inatosha kuthibitisha hilo.

Hapo pia ndipo mpinzani alipokomaa. Mwaka 1958, wakati wa vuguvugu la siasa, watu wa upande wa Afro-Shirazi walikuwa wameanzisha kikundi chao cha taarab. Baada ya mapinduzi kikawa chini ya wizara ya utamaduni na kujulikana kama Culture Musical Club. Kikawa kikubwa, kikazunguka Ulaya, kikarekodi. Kwa hiyo Unguja, mji ambao mtu huumaliza kwa miguu asubuhi moja, ukawa na okestra mbili kamili, kila moja na washairi wake, watunzi wake na washabiki wasiokanyaga kwa wenzao.

Msukuma yeyote anaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Sisi tuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, desturi iliyolelewa na Padri David Clement, pande mbili hucheza ngoma kwa wakati mmoja uwanjani na watazamaji wanakwenda kunakowavutia. Aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ngoma hazijafa kwa sababu hakuna Mgika anayekubali kulala Mgalu akiwa anafanya mazoezi. Ikhwani Safaa ingekuwa peke yake Unguja, ninashuku ingekuwa imebaki picha ukutani.

Onyesho la kawaida la taarab asilia haliendi haraka. Wanaanza na bashrafu, kipande cha vyombo vitupu chenye asili ya Uturuki, ambacho kazi yake ni kukaza nyuzi, kupasha mikono na kunyamazisha ukumbi. Hakuna mtu aliyesimama mbele na kijiti. Anayeongoza ameketi ndani ya kundi, na ishara yake ni kichwa au ncha ya upinde. Kisha mwimbaji husimama. Ubeti wa kwanza watu husikiliza maneno tu, maana wimbo huenda ukawa fumbo na lazima kwanza ijulikane linampiga nani. Ubeti wa pili viti vinaanza kusogezwa. Mwanamke mmoja anainuka na noti ya fedha mkononi, anaweka sawa buibui lake, anakwenda mbele kwa hatua zinazofuata mapigo, taratibu, akihakikisha ameonekana na anayemkusudia. Akifika anamkabidhi mwimbaji, au anamzungushia noti kichwani kwanza, kisha anarudi hivyohivyo. Nyuma yake wamekwisha jipanga wengine. Mwimbaji anapokea kwa mkono mmoja bila kukatisha mstari, na fedha zinakwenda kwenye chombo kilichowekwa kando. Fidla haziangalii. Hii ndiyo tofauti kubwa na ukumbi wa Ulaya, ambako kukohoa tu kunakuletea macho ya jirani. Hapa msikilizaji ana sehemu yake ya kucheza katika wimbo, na anailipia.

Msimu wa taarab unafuata mwezi. Ramadhani yote ngoma hunyamaza. Mwezi wa Idi ukiandama, kumbi hufunguka tena, na usiku wa Idi ndio wenye nguo mpya na nyimbo mpya. Kwa hiyo tamasha la kufunga msimu, kwa kalenda ya Waswahili, huangukia mwishoni mwa Shaaban, siku za vunja jungu, watu wanapokula, kutembea na kustarehe kwa mara ya mwisho kabla ya funga. Wenzetu wa Ulaya hufunga msimu wa okestra jua la kiangazi linapoingia, na desturi yao ni kumwalika mpiga fidla mashuhuri asimame mbele ya wote apige kazi ndefu ya sehemu tatu, iliyoandikwa ili vidole vyake vionekane. Okestra humsindikiza. Watu hununua tiketi kwa jina lake.

Mgeni kama huyo akialikwa kwenye klabu ya taarab hukuta mambo kinyume, na Unguja imewapokea wengi, hasa tangu chuo cha muziki cha DCMA kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuanza kuita walimu na wanafunzi kutoka nje. Anakuja na cheti na fidla yenye thamani ya gari. Anaomba karatasi za noti. Huenda zikapatikana, huenda zisipatikane, kwa kuwa wazee walijifunza kwa sikio na wanamtaka naye atumie masikio. Anagundua kwamba joto na unyevu wa pwani vinalegeza gundi na kushusha nyuzi, na kwamba kukaza nyuzi ni kazi ya kila baada ya wimbo. Hata hivyo nafasi yake ipo, nayo ni taksimu. Kabla ya wimbo kuanza okestra inanyamaza au inashikilia sauti moja ya chini, na mpigaji mmoja anapewa uhuru wa kutembea ndani ya makamu: anaanza chini, anazungukazunguka pale, anapanda, anachungulia makamu ya jirani, anarudi nyumbani. Hakuna mapigo wala karatasi, na hakuna wa kumwambia amalize. Hapo ndipo ufundi wa mtu unapopimwa, na wasikilizaji wa Unguja ni wakali kuliko jopo lolote. Mgeni anayekimbizakimbiza vidole bila kuonja makamu hupigiwa makofi ya heshima tu. Anayekaa kwenye noti moja mpaka ikaiva huitikiwa kwa sauti.

Taksimu yake ikiisha, anarudi kwenye safu anapiga wanachopiga wengine. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Klabu inampa mgeni mlango mpana wa kuingilia, lakini haimpi nyumba. Siku ya pili akipanda ndege, okestra haijapungukiwa na kitu, kwa sababu haikujengwa juu yake. Unguja ina wapiga fidla wake wa kutosha kusimama popote duniani. Mohamed Ilyas anaimba na kupiga. Marehemu Seif Salim Saleh alikuwa mpigaji, mtunzi na mwimbaji kwa pamoja. Mohamed Issa Matona anaimudu fidla, udi na ganuni, na amewafundisha vijana wengi wa DCMA. Wapigaji wa namna hii wamekuwa wageni katika majukwaa ya mbali, na wakirudi huketi kwenye safu kama kawaida.

Mambo hayakuwa mepesi kila wakati. Katika miaka ya 1990 ilizuka taarab ya kisasa, ya kinanda cha umeme, gitaa na mipasho, na ikaondoka na kijiji. Khadija Kopa, aliyetokea Unguja kwenye Culture Musical Club, alikuja kung'ara bara na Tanzania One Theatre. Upinzani wa kundi hilo na kundi la Muungano uliwasha moto nchi nzima. Kinanda kimoja kilifanya kazi ya fidla nane, hakikudai nauli ya watu nane, na kilisikika uwanjani. Huku Mwanza, taarab ambayo kijana wa leo anaijua ni hiyo, ya kundi la Jahazi na wenzao. Siidharau, ina mashairi yake makali na watu wanaicheza. Lakini kilichotupwa nje ni kile hasa kilichohitaji watu kukutana. Safu ya fidla haiwezi kupatikana kwa kubonyeza. Lazima watu wanane waje mazoezini usiku uleule, wavumiliane, na mmoja wao asijione.

Ikhwani Safaa haikufuata njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Globestyle ya London ilikuwa imekwenda kurekodi taarab ya Unguja, na klabu ikapata sahani yake. Ilipotimiza miaka 100 mwaka 2005, rekodi zake zilifungua mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, na jalada likataja miaka hiyo 100. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, liliwapa vijana nafasi ya kusikia okestra nzima kwenye Ngome Kongwe, usiku uleule na bendi za umeme. DCMA ikaanza kuwafundisha watoto wa mjini, wakiwemo wasichana, kushika fidla, chombo ambacho klabuni kilikuwa cha wanaume. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kukosa fedha za wafadhili. Kilinusurika, lakini tofauti iliyojitokeza ni nzito: chuo kilichokuwa na umri wa chini ya miaka 20 kilitetereka mfadhili alipoondoka, na klabu yenye zaidi ya miaka 110 iliendelea kukaza nyuzi. Nchi inavihitaji vyote viwili. Sisemi chuo hakina maana. Nasema tu kwamba kimoja kilikuwa na wafadhili na kingine kina wenyewe.

Angalia na kwingine. Muscat, Oman, ambako wajukuu wa Waunguja bado wanaoana kwa taarab, Sultani Qaboos aliamuru mwaka 1985 iundwe okestra ya kifalme ya muziki wa Ulaya, na ikaundwa, na walimu, majengo na mishahara. Ni nzuri sana, na ni njia ya Barghash ileile. Kinshasa kuna hadithi nyingine. Armand Diangienda, rubani na mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha mwaka 1994 okestra ya waumini wa kanisa lao. Vyombo vilikuwa vichache kuliko wapigaji, wakawa wanapokezana, na uzi wa fidla ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Filamu kuhusu wao ilitoka mwaka 2010 na dunia ikawajua, lakini hapo walikuwa wamekwisha piga kwa miaka 16 bila dunia kujua. Kanisa lilikuwepo, na waumini wake walikuwepo.

Kanda ya Ziwa haianzi na mikono mitupu. Mjaluo wa Rorya ana orutu, fidla ya uzi mmoja ambayo babu zake waliivuta kabla ya kusikia habari za Cairo. Mganda ng'ambo ya ziwa ana endingidi. Kwaya za Mwanza zinajulikana nchi nzima, na kwaya ni watu wanaojua kufika mazoezini saa iliyosemwa, kulipa mchango, kushona sare na kusuluhisha ugomvi wa sauti ya kwanza na ya pili. Anayeweza kuwaweka watu 40 pamoja kila wiki kwa miaka 20 bila mshahara amekwisha maliza sehemu ngumu ya kuwa na okestra. Sehemu rahisi ndiyo hiyo tunayoililia, ya kununua vyombo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofikiria jambo hili Kirumba ni dogo. Wasianze kwa kuandika barua ya kuomba fidla, wala kwa kutafuta mgeni wa kufungia msimu ambao bado haujafunguliwa. Wapate chumba, hata cha kuazima, karibu na mwalo au nyuma ya kanisa. Waandike majina, wachague katibu na mshika fedha, wapange ada ya mwezi ambayo mchuuzi wa dagaa anaweza kuilipa, na usiku mmoja wa wiki ambao hakuna mtu wa kuuhamisha. Wakiwa wamekaa hivyo mwaka mzima, ndipo wamwandikie mpiga fidla wa Unguja. Atakuja, na atakuta safu ya kuketi.